Stephen Bishop, mtumwa aliyelijua pango kuliko mwenye pango

Bandugu wachimbaji, na ninyi bamama mnaobaki nyumbani mukihesabu saa mpaka ekipe ya usiku itoke, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakutoa hata kilo moja ya shaba wala kobalti. Lakini alishinda chini ya udongo karibu miaka 19, na taa ya mafuta mkononi, bila kofia ya chuma, bila viatu vya usalama, na bila mshahara. Jina lake Stephen Bishop. Alikufa mwaka 1857 kule Kentucky, Marekani.

Nimemchagua kwa sababu ya ulizo moja. Katika mkutano wetu wa sendika kijana mmoja wa galeri aliuliza: mara nyingine tunatoboa mwamba mgumu, ghafla chuma inaingia bure, haigusi kitu, na maji yanaruka. Nani alichimba ile shimo mbele yetu? Wazee walisema ni fasi ya mizimu. Enjenyeri alitamka neno moja la Kifaransa, akapanda kwenye gari yake, akaenda. Kijana akabaki vile vile na ulizo lake. Maisha ya Stephen Bishop yatajibu ulizo hili, na yatajibu lingine ambalo kijana hakuuliza: yule anayejua chini ya udongo, na yule ambaye jina lake linaandikwa kwenye karatasi ya udongo, nani mwenye fasi?

Stephen alizaliwa karibu mwaka 1821. Siku yenyewe haijulikani, maana watumwa waliandikwa kwenye hesabu ya mali, pamoja na farasi na majembe. Mwaka 1838 avoka mmoja anayeitwa Franklin Gorin, wa mji wa Glasgow kule Kentucky, alinunua pango kubwa linaloitwa Mammoth Cave. Alilipa dola 5,000. Alitaka kuleta wageni wa kutembea ndani na kulipa kiingilio, akamtuma Stephen kuwa kiongozi wao. Kijana alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Pango lile lilikuwa limekwisha kuonja jasho la watumwa. Wakati wa vita ya Marekani na Uingereza iliyoanza mwaka 1812, baruti ilikosekana, na ndani ya udongo wa pango mulikuwa na shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Watumwa karibu 70 waliingizwa humo. Walibeba udongo, wakaumimina ndani ya masanduku makubwa ya mbao, wakapitisha maji juu yake ili yachukue chumvi. Maji yale yalipelekwa nje kwa mabomba ya magogo ya miti yaliyotobolewa katikati, yakachemshwa. Ninyi wa usine mutaona mara moja kwamba ni kazi ileile ya kuosha minere, tofauti ni vyombo tu. Vita ilipokwisha mwaka 1815 bei ilianguka na kazi ikafungwa. Masanduku na mabomba yale yako ndani ya pango hadi leo, hayakuoza, kwa vile hewa ya mule ni kavu. Majina ya wale watu 70 karibu yote yamepotea.

Hata mbele yao kulikuwa na wengine. Maelfu ya miaka iliyopita wenyeji wa zamani wa nchi ile waliingia ndani kwa kilomita nyingi na mienge ya matete, wakikwangua jipsi na chumvi nyingine kwenye kuta. Mwaka 1935 ulionekana mwili wa mmoja wao, umekauka, chini ya jiwe la tani kadhaa. Alikuwa anachimba chini yake, jiwe likateleza. Zaidi ya miaka 2,000 alilala pale. Mimi nilipofika kwenye habari hiyo nilifunga kitabu kwanza, nikatoka inje kidogo. Kila mmoja wetu anajua jina la mutu aliyebaki chini ya jiwe.

Turudi kwa Stephen. Kwanza alifundishwa njia zilizokuwa zinajulikana. Wageni walifika kwa farasi na magari ya kukokotwa, mabwana na mabibi, walimu wa vyuo, waandishi, wote wakimfuata mtumwa mmoja mwenye taa. Njia ile ilikuwa inakwisha mbele ya shimo moja refu linaloitwa Bottomless Pit, maana yake shimo lisilo na mwisho. Mwisho linao, ni mita 32 hivi. Lakini ukitupa jiwe na taa ya mafuta haifiki chini, hata mimi ningesema halina.

Katika mwaka uleule wa 1838 Stephen na mgeni mmoja walilaza ngazi juu ya shimo, kutoka ukingo huu mpaka ule, wakapita. Fikirini vizuri. Mgeni alikuwa amelipa feza yake kutafuta ajabu. Stephen alikuwa kijana ambaye bei yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, na kama angeanguka, bwana wake angelilia bei. Alipita hata hivyo. Na hakupita mara moja tu, alirudi mara nyingi, akiingia katika kila tundu, akitambaa kwa tumbo kwenye fasi ambayo kifua kinakwaruza chini na mgongo unakwaruza juu.

Ng'ambo ya shimo alikuta nchi nyingine. Njia ziliteremka, zikafika mpaka mito inayotembea gizani, zaidi ya mita 100 chini ya uso wa dunia. Mmoja unaitwa River Styx, jina la mto wa wafu katika hadithi za Wagiriki wa kale. Mwingine ni Echo River, mto wa mwangwi, maana sauti inarudi na kurudi. Ndani ya maji aliona samaki weupe wasiokuwa na macho. Habari ya samaki ilitoka ikafika kwa wataalamu wa Marekani na Ulaya, wakaanza kuja wenyewe. Na akakuta ukumbi mkubwa, Mammoth Dome, ambao kimo chake kinazidi mita 50.

Sasa nisimamishe hadithi kidogo, nijibu ulizo la kijana wetu: shimo lile, mito ile, kumbi zile, nani alizichimba?

Ni maji. Mawe ya Kentucky pale ni mawe ya chokaa. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita ilikuwa bahari, na magamba ya wanyama wa baharini yalirundikana chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakawa jiwe. Juu yake mito ilileta mchanga, nao ukawa jiwe la mchanga. Baadaye bahari ikaondoka. Mvua ikinyesha, maji yanapita katika udongo, na udongo unajaa gesi ileile tunayoitoa puani, kwa sababu mizizi na wadudu pia wanapumua. Maji yanachukua ile gesi na kuwa asidi kidogo. Fungua chupa ya sukre, zile pofu unazoziona ni gesi hiyohiyo, na ule ukali kidogo kwenye ulimi ni asidi hiyohiyo. Haiwezi kuunguza kidole. Lakini ipe jiwe la chokaa na miaka laki kadhaa, italikula.

Bandugu wa usine wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Minere ikija na dolomi nyingi, asidi yetu inakwisha kwa kula dolomi kabla ya kufikia shaba, na povu inapanda. Bajeolojia nao wanadondosha asidi juu ya jiwe: likichemka sana, wanaandika chokaa. Ndivyo mvua inavyofanya, lakini polepole.

Maji hayali jiwe zima sawasawa. Yanaingia kwanza kwenye nyufa, na pale katikati ya tabaka mbili. Ufa mwembamba kama unywele unakuwa kama kidole, halafu maji mengi zaidi yanapendelea kupita pale kwa sababu njia ni rahisi, na kwa kupita yanaupanua tena. Njo maana pango haliwi kama sponji, linakuwa kama mto wenye matawi: njia ndogo zinaleta maji kwenye njia kubwa, na njia kubwa inayapeleka mpaka kwenye mto wa inje. Kwa Mammoth Cave mto wa inje ni Green River. Kila mara Green River ilipokata bonde lake kwenda chini zaidi, maji ya pangoni yaliacha njia ya zamani, yakatafuta nyingine ya chini. Ya juu ikabaki kavu. Kwa hiyo pango lina gorofa kama mine yetu yenye nivo, tofauti moja tu: gorofa ya juu ni ya wazee, mamilioni ya miaka, na ya chini kabisa, pale kwenye Echo River, maji yangali yanafanya kazi hadi leo.

Na mbona halikuanguka? Ni lile jiwe la mchanga. Asidi ya mvua haililiwezi. Limefunika chokaa kama dari la beto, maji hayapiti, njia za chini yake zinabaki kavu na imara. Lakini pembeni, pale dari hilo lilipopasuka au kumalizika, maji yanadondoka wima na kukata shimo moja kwa moja kwenda chini. Bottomless Pit ni mojawapo ya mashimo hayo, na Mammoth Dome pia. Ukisimama juu unasema shimo, ukisimama chini unasema ukumbi, kumbe ni kitu kimoja. Stephen alizunguka humo mpaka akaelewa hivyo, fasi gani ya juu inakutana na fasi gani ya chini. Hakuwa na dira ya enjenyeri wala kamba ya kupimia.

Mwingine ataniuliza juu ya mapango ya Goma na ya Musanze kule Rwanda. Hayo yana baba mwingine. Volkano kama Nyiragongo ikitapika, lava inatembea kama mto wa uji wa moto. Juu inapoa kwanza kwa sababu ya hewa, inafanya gamba gumu. Gamba hilo linazuia moto usitoke, kwa hiyo ndani lava inabaki nyepesi, inaendelea kukimbia. Lava ikikatika kule juu, iliyo ndani inatoka yote kwa chini, na gamba linabaki tupu kama bomba. Pango la maji linahitaji miaka maelfu kwa maelfu, bomba la lava linaweza kuisha kutengenezwa katika majuma tu. Lakini kwetu Katanga, Likasi, Kipushi, Kolwezi, ni chokaa na dolomi, yaani ndugu wa Kentucky. Chokaa ya Kakontwe ni ya aina ile. Waliofanya kazi Kipushi wanajua pampu zinavyopiga mchana na usiku: jiwe lenye matundu ya namna hii linabeba mto mzima ndani yake. Kijana, shimo lako lilichimbwa na mvua, zamani sana.

Basi. Mwaka 1839 Gorin aliona pango limekuwa na jina, akaliuza kwa dola 10,000, mara mbili ya bei aliyonunua, nyuma ya mwaka mmoja na nusu hivi. Stephen aliuzwa pamoja na pango. Thamani ilikuwa imepanda kwa sababu ya nyayo zake, naye akahesabiwa ndani ya ile bei. Mnunuzi alikuwa munganga John Croghan wa mji wa Louisville. Kiongozi mwenzake Mat Bransford na mwingine Nick Bransford hawakuwa wa Croghan: walikodishwa kutoka kwa tajiri mmoja wa Tennessee, dola 100 kwa mwaka kwa kila mmoja, na feza ilikwenda kwa tajiri. Sisi tunaofanya kazi kwa kampuni ya katikati, ile inayotukodisha kwa kampuni kubwa na kukata sehemu yake mbele, tusiseme ni kitu kimoja. Hapana. Sisi jioni tunarudi kwetu, na watoto wetu ni wetu. Watoto wa Mat waliuzwa mbali naye. Ila hesabu ya feza ninaitambua.

Croghan alitengeneza barabara, akakuza hoteli. Mitumbwi ilijengwa ili wageni wapite juu ya Echo River. Upande wa pili Stephen alifungua njia ndefu ambazo kuta zake zina maua ya jipsi, meupe, yamejikunja kama mbao iliyopigwa randa. Yanaota yenyewe, chumvi ikisukumwa kutoka ndani ya jiwe kavu kidogo kidogo.

Wakati huo pia alijifundisha kusoma na kuandika, na njia aliyotumia inanifurahisha sana. Wageni walipenda kuacha majina yao kwenye dari la pango. Walifunga mshumaa kwenye fimbo, moshi wake ukaandika. Stephen aliwasaidia, akaangalia jinsi kila herufi inavyochorwa, akauliza, akakumbuka. Dari lilikuwa ubao wake wa shule. Baadaye aliweza kueleza mambo ya jiolojia kwa wale waliosoma, akiwa na maneno ya Kilatini na Kigiriki aliyookota kutoka kwao. Wageni walioandika vitabu walimsifu kuliko pango lenyewe: sura yake, mwendo wake mwepesi, mzaha wake. Jina lake mwenyewe aliliandika humo kwa moshi, na jina la mke wake Charlotte, aliyekuwa anafanya kazi hotelini. Walipata mtoto mmoja wa kiume, Thomas.

Majira ya baridi ya mwaka 1842 Croghan alimwita Louisville, kwenye nyumba yake inayoitwa Locust Grove, akampa karatasi. Kwa muda wa majuma mawili hivi Stephen alichora pango zima kutoka kichwani mwake. Zaidi ya nusu ya njia zile alikuwa amezifungua yeye. Ramani ile ilitiwa ndani ya kitabu cha Alexander Bullitt kilichotoka mwaka 1845, na jina la Stephen Bishop likaandikwa kuwa ndiye mwenye kazi. Mtumwa, katika nchi ambayo sheria ilimweka pamoja na mifugo, jina lake limepigwa chapa kwenye ramani! Nilipoona jambo hili nilikumbuka lang'u. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni moja sitaitaja, niliwaonyesha wakubwa fasi ambayo paa la galeri linatoa sauti mbaya na maji yanabadilika rangi. Nilichora kwa chaki kwenye bamba la chuma. Nyuma ya mwezi plani ilitoka, nzuri, ya rangi, na sahihi tatu. Yangu haikuwamo. Na prime haikuwamo pia, lakini hiyo tuliiacha. Kwa hiyo Croghan, pamoja na yote nitakayomlaumu, jambo hili nampa.

Ramani ya Stephen ilitumika kwa miaka mingi sana nyuma ya kifo chake. Wapimaji wa baadaye wameona kwamba vipimo vyake havikuwa sawa kila fasi, jambo ambalo si ajabu kwa mtu aliyechora bila kupima. Lakini njia gani inakutana na njia gani, alisema kweli.

Lawama sasa. Croghan alikuwa munganga, na wakati ule kifua kikuu kilikuwa kinaua watu wengi bila dawa. Aliona kwamba hewa ya pango haibadiliki, digri 12 hivi kiangazi na masika, na kwamba mbao na mizoga haiozi mule. Akafikiri kwamba hewa isiyoozesha kuni itaponyesha mapafu. Majira ya baridi ya 1842 kwenda 1843 aliingiza wagonjwa kumi na kadhaa kuishi ndani, katika vibanda vya mbao na vya mawe. Watumwa ndio walijenga vibanda na kuwapelekea chakula.

Mchimbaji yeyote angemwambia matokeo. Giza mchana na usiku. Moshi wa moto wa kupikia na wa taa za mafuta, na hauna pa kwenda. Wagonjwa walikohoa zaidi. Waliokufa walilazwa kwenye jiwe moja ambalo hadi leo linaitwa jiwe la maiti. Nyuma ya miezi michache mambo yakafungwa, waliobaki wakatolewa. Vibanda viwili vya mawe vingali vimesimama, wageni wanavipiga picha. Croghan mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1849. Wale watumwa waliovuta hewa ileile pamoja na wagonjwa, hakuna aliyeandika vifua vyao vilikuwaje. Hapa ninawaza wazee wetu wa mavumbi, wanaokohoa kule kwenye kampi za zamani na karatasi ya munganga inasema ni sigara.

Katika wasia wake Croghan aliandika kwamba watumwa wake wapewe uhuru wakati miaka saba itakuwa imekwisha nyuma ya kifo chake. Miaka saba! Huru kwenye karatasi, na kila asubuhi unashuka tena na taa. Stephen aliingoja. Alikuwa anawaambia wageni kwamba akipata uhuru atakwenda Liberia, ile nchi ya Afrika ya magharibi ambapo Wamarekani weusi walikuwa wanarudi kujenga serikali yao.

Uhuru ulifika mwaka 1856. Alikuwa na miaka 35 hivi. Yeye na Charlotte walipata shamba karibu na pango, eka 112. Katikati ya mwaka 1857 waliliuza. Mtu anayeuza shamba lake ana safari, mimi ninaona hivyo. Lakini katika majira yale yale ya joto Stephen Bishop alikufa. Ugonjwa gani, hakuna aliyeandika. Mwaka mmoja hivi tu alikuwa huru, na Liberia hakuiona.

Kina Bransford waliendelea na taa, baba kwa mtoto kwa mjukuu, karibu miaka mia moja. Mwaka 1941 serikali ilipofanya pango kuwa mbuga ya taifa, viongozi weusi hawakuandikwa kazi hata mmoja. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2004 ndipo mtu wa ukoo ule akavaa nguo ya kiongozi tena.

Pango lenyewe limezidi kukua kwenye karatasi. Mwaka 1972 wapelelezi walioingia kutoka pango la jirani, chini ya mlima wa Flint Ridge, walitembea ndani ya maji mpaka kifuani wakatokea ndani ya Mammoth Cave, upande uleule wa Echo River ambao Stephen alifungua. Mapango mawili yakawa moja. Leo zimepimwa zaidi ya kilomita 680, na hakuna pango refu kuliko hilo linalojulikana duniani. Bado wanaendelea kupima.

Stephen alizikwa juu ya kilima, karibu na mlango wa pango, katika makaburi ya viongozi wa zamani. Miaka zaidi ya ishirini kaburi lilikaa bila jiwe. Halafu tajiri mmoja wa Pittsburgh, James Mellon, aliyekuwa amefika kama mgeni na kusikia habari zake, akatuma jiwe la kaburi. Lilikuwa jiwe lililotengenezwa kwa ajili ya askari fulani wa vita ya wao kwa wao, ambaye jamaa yake hawakulichukua. Jina la askari likafutwa, la Stephen likachongwa juu yake. Mwaka wa kufa waliuandika 1859. Wamekosea miaka miwili, na jiwe liko vile mpaka leo.